Lango Moja Tu

Treni iliposhika kasi, muuguzi alijifanya kasinzia, masikio kayatega. Mbele yake dereva wa pikipiki alikuwa akimnadia msusi programu ya simu ya kuitia usafiri, waliyoianzisha madereva wenyewe.

"Niingie humo nimwite nani?" msusi alicheka. "Watu wote wako kwenye ile kubwa."

"Wako kule kwa kuwa wenzao wako kule, dada. Sisi tulikosea kujitawanya mji mzima. Ukiita, pikipiki inatoka ng'ambo ya mji. Kuanzia kesho tunajazana lango la hospitali kuu tu. Ukiita, hujafunga mkoba tumefika."

"Na abiria?"

Dereva alikuna kichwa. "Hao ndio bado."

Treni ikasimama. Muuguzi, ambaye kila jioni husubiri usafiri kwenye lango hilo la hospitali mpaka miguu ife ganzi, alifumbua macho.

"Kaka, inaitwaje? Wodini tuko wengi."