Mama Wegesa, Aliyehamisha Watu kwa Amri na kwa Adabu

Baada ya miaka ishirini na saba ya kazi, Mama Wegesa Nyamhanga anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu. Katika ofisi yetu ya madalali wa mahakama hapa Mugumu, hakuna aliyetoa wapangaji wengi kwenye nyumba kuliko yeye. Wala hakuna anayesalimiwa na watu wengi sokoni kuliko yeye, na baadhi ya wanaomwamkia shikamoo ni haohao aliowatoa.

Alizaliwa Tarime, akaanza kazi kwetu kama mpiga chapa. Alipokabidhiwa kusimamia utekelezaji wa amri, wazee wa kwao walishangaa: mwanamke amtoe mwanamume ndani ya nyumba? Aliwajibu kwa Kikurya, kisha akatutafsiria ofisini huku akicheka: "Anayemtoa ni Baraza la Ardhi. Mimi nambebea kabati tu."

Lakini atakumbukwa zaidi kwa siku moja kule Morotonga. Mzee Simioni alikuwa na nyumba aliyompangisha muuguzi Mwanvua, aliyehamishiwa huku kutoka Tanga. Mkataba ulikuwa umekwisha, na mzee aliitaka nyumba kwa ajili ya kijana wake aliyekaribia kuoa. Mwanvua alikuwa na mtoto mchanga na hakuwa amepata pa kwenda. Uvumilivu ukamwishia mzee. Akapanda juu ya paa na kuanza kung'oa mabati, mawingu ya mvua yakiwa yametanda.

Mama Wegesa na mimi tulikuwa tunapita kwa bodaboda. Alishuka kabla pikipiki haijasimama sawasawa.

"Shikamoo mzee. Rudisha hilo bati, mtoto atanyeshewa."

"Nyumba ni yangu!" mzee akafoka. "Wewe ni binti wa nani hata unikataze?"

"Wa Nyamhanga. Nyumba ni yako kweli, hakuna anayebisha. Ila ukimtoa hivi, kesho mshtakiwa utakuwa wewe. Shuka, nakushikia ngazi."

Mzee akaangalia chini, akawaona majirani wakimtazama. Halafu akaligongelea bati mahali pake, akashuka. Mama Wegesa akamweleza pale pale uani: ampe mpangaji notisi ya maandishi, muda wake ukipita na bado hajahama, apeleke shauri Baraza la Ardhi na Nyumba, wasikilizwe wote wawili. Akipata amri, utekelezaji ni wa dalali. Kung'oa mlango, kukata maji au kutupa vyombo nje si kazi ya mwenye nyumba, hata awe na haki namna gani.

Mzee Simioni alinung'unika, lakini alifuata. Baraza lilimpa nyumba yake, likampa na Mwanvua muda wa kujipanga. Muda ulipokwisha, Mwanvua bado alikuwa ndani, maana kila alikobisha hodi walimkataa kwa sababu ya mtoto mchanga. Amri ikaletwa ofisini kwetu.

Mama Wegesa alimpelekea notisi ya mwisho, na jioni zilizofuata akazitumia kuzunguka mitaa na Mwanvua. Sheria haikumtuma kufanya hivyo. Mwishowe walipata chumba kwa shangazi wa rafiki mmoja wa Mama Wegesa. Siku ya kuhama tulifika na mwenyekiti wa kitongoji na askari mmoja, ambaye kazi yake kubwa ikawa kubeba mtoto. Kitanda kilipogoma mlangoni, aliyekishika upande wa pili ni Mzee Simioni mwenyewe.

Mwaka uliofuata, mkwe wa mzee alishikwa na uchungu. Muuguzi wa zamu alikuwa Mwanvua. Mzee alikaa nje ya wodi akiwa ameinamisha kichwa, hadi Mwanvua alipotoka na kumwambia, "Hongera babu, umepata mjukuu wa kike." Mtoto huyo anaitwa Wegesa.

Mama, umetufundisha kwamba mtu anaweza kupoteza nyumba bila kupoteza heshima yake. Tunakushukuru kwa moyo wote. Tunajua umejenga nyumba kule Issenye, na uani kuna vyumba vya kupangisha. Mpangaji wa kwanza ameshaingia, naye ndiye mwandishi wa wasifu huu.

Upumzike kwa raha, uwe na afya, na wajukuu wakujazie uwanja. Na siku ukinichoka, mama mwenye nyumba, nasubiri notisi ya maandishi.

Raphael Joram, kwa niaba ya wafanyakazi wenzako