Beji ya Mzee Kuang

Ndani ya basi la Flushing, mtaa wa Wachina jijini New York, Bi Luo alimtambua mzee aliyeketi kando yake. Alikuwa Kuang Zhimin, aliyefungwa Uchina miaka saba kwa kudai uchaguzi, kisha akakimbilia Marekani na kuwa raia. Kifuani alivaa beji ya chama kinachotaka wakimbizi wafukuzwe.

“Mzee wangu, mkimbizi kama wewe unawashabikia hao?”

“Ndio wanaoisema serikali ya Beijing bila kumung’unya maneno, binti yangu.”

“Mwaka juzi ulikuwa kwa wapinzani wao.”

“Wakanichosha, nikahama chama. Haki ya kuhama ndiyo niliyofungiwa.”

“Jumatatu kaka yangu anasikilizwa ombi lake la ukimbizi. Akirudishwa, atafungwa kama wewe.”

Basi likasimama.

“Novemba nitapiga kura ya kuifuta yako,” Bi Luo alisema akinyanyuka.

“Ipige, binti yangu,” mzee akajibu, akavuta miguu ampishe.