Kiazi Kilichovalishwa Soksi

Asubuhi hiyo ya Desemba, Reykjavik bado giza, Ragna alikaa basini nyuma ya baba kijana na bibi mwenye kofia ya sufu. Hawakujuana, ila mazungumzo yalikuwa yameshakolea.

"Binti yangu Hrefna alimng'ata mdogo wake," baba alisema. "Basi usiku nikamtilia kiazi katika kiatu chake dirishani."

Bibi akaridhika. Huko watoto huambiwa kwamba kabla ya Krismasi majitu ya milimani hupita usiku yakijaza viatu vyao zawadi, na mtukutu huachiwa kiazi. "Alilia?"

"Alikivalisha soksi. Sasa analala nacho, anakiita Gunna."

"Kichemshe."

"Gunna? Bibi, wewe ungemchemsha mjukuu?"

"Umeshindwa na mtoto wa miaka mitano, baba."

"Huyo nimemwacha. Shida ni mdogo wake. Naye anataka kiazi, na jana kaniuliza amng'ate nani ili akipate."

Ragna aliuma skafu yake asicheke.

"Leo mtilie chungwa. Hajafanya kosa."

"Atalia mpaka Krismasi. Na nikimpa kiazi, adhabu imegeuka zawadi, nyumba nzima tutang'atana."

"Ndiyo maana nikakwambia ukichemshe."

Basi likasimama mbele ya duka. Baba akainuka, na bibi akakunja magoti ampishe. Kisha akamshika koti.

"Lakini ukikinunua, kiwe kidogo kuliko Gunna. Dada mtu asije akaona kapunjwa."

Mlango ukafunguka. Baba akashuka. Ragna alinyoosha shingo aone kama anaingia dukani, lakini dirisha lilikuwa limejaa ukungu.