Wanawake Wetu Wamelala

Muuguzi alitoka zamu akiwa hoi, anatafuta usingizi tu ndani ya treni, lakini jirani yake mwenye tai alikuwa na gazeti, na mdomo pia.

"Nchi za wenzetu wanawake wenye kazi wanaongezeka kila mwaka, wanakaribia wanaume. Wetu wamelala."

"Walipokuja watu wa sensa, kaka, ulisemaje kuhusu shemeji?"

"Hana kazi. Yupo nyumbani tu, anashona sare za shule."

"Na wewe?"

"Mhasibu. Kampuni ilifungwa mwaka juzi, lakini uhasibu haufungwi."

Muuguzi akafumbua jicho moja. "Na nauli ya leo kakupa nani?"

Treni ikasimama. "Nimefika," akasema mwenye tai, akateremka mbio, gazeti kaliacha kitini. Muuguzi akajifunika nalo uso, akalala kama wanawake wetu wote.