Cleophas Onsongo Ashuka Kwenye Ambulensi

Tarehe 31 Agosti 1979, baada ya miaka kumi na saba ya kuendesha ambulensi ya Hospitali ya Misheni ya Riamoturi, Bwana Cleophas Onsongo atakabidhi ufunguo na kwenda nyumbani. Bodi imetuomba tuandike habari za utumishi wake kwa jarida hili la wafanyakazi, na imesisitiza tuandike mambo ya kujenga. Tutajitahidi.

Bodi hupenda kuwaambia wageni kwamba Onsongo aliajiriwa baada ya usaili wa kina. Usaili huo ulifanyika wodi ya wanaume, mwenyewe akiwa kitandani. Mwaka ule wa 1962 alikuwa taniboi wa lori la mfanyabiashara mmoja wa Ogembo, na kazi yake ilikuwa kukalia mikungu ya ndizi isianguke. Siku moja alisinzia, akaanguka yeye, ndizi zikabaki. Aliletwa kwetu na mtulinga uliovunjika, akiwa amelazwa juu ya mlango wa nyumba ya mtu, na wanaume waliombeba walikuwa wakigombana njia nzima juu ya nani ataurudisha huo mlango.

Alikuwa bado wodini wakati hospitali ilipopata gari lake la kwanza la wagonjwa, Landrova nyeupe iliyotolewa na wafadhili wa ng'ambo. Dereva aliyeileta kutoka Nairobi alikunywa chai, akashukuru, akapanda basi kurudi kwao. Hapo ndipo wakubwa walipogundua kwamba hawakuwa wamefikiria ni nani atakayeiendesha. Daktari mkuu, Mskoti mpole ambaye Kiswahili chake kilitoka chote kanisani, alipita kitanda kwa kitanda akiuliza, "Ni nani miongoni mwenu aliye na ujuzi wa gari?"

Watu walitazama sakafu. Onsongo akainua ule mkono uliokuwa mzima.

Ujuzi wake wote ulikuwa wa kutazama wengine. Aliwahi kushika usukani mara moja tu, na mara hiyo lori lilirudi nyuma likaingia ghala la mahindi. Daktari hakuuliza hayo. Alifurahi kupata mtu anayejua breki iko wapi.

Safari ya kwanza alikwenda akiwa na bendeji begani. Kwa kuwa mkono mmoja haukutosha, mkunga Persis Bochaberi, ambaye ndiye mwandishi wa makala haya, aliketi kando yake akibadilisha gia kwa kuamrishwa. "Sukuma mbele," Onsongo alisema. "Hapana, mbele ile nyingine." Mgonjwa wetu, mzee mwenye homa, alivumilia mpaka kwenye kijito, kisha akaomba ashushwe.

"Mwanangu," alimwambia Onsongo kwa upole, "mimi na ugonjwa huu tumezoeana. Wewe sijakuzoea."

Mzee alishika njia ya mkato kupitia mashamba, akafika hospitali kabla yetu.

Ni haki kusema kwamba alijifunza. Kwa bahati mbaya, alipojua kuendesha alijua na kuringa. Alijinunulia glavu nyeupe. Alikataa kuitwa dereva, akapendekeza "daktari wa barabara," na hakuna aliyemuunga mkono. Lakini raha yake kubwa ilikuwa kengele ya ambulensi. Siku za soko aliipiga kupita Ogembo yote, na akina mama waliokuwa wakiuza ndizi walisimama, wakainamisha vichwa, wakamwombea aliyemo ndani. Ndani mlikuwa na mashuka ya hospitali yakipelekwa kufuliwa. Alipoulizwa alisema anafanya mazoezi.

Hata hivyo, asilaumiwe peke yake. Ambulensi yetu haikuwahi kuwa ya wagonjwa tu. Mwenyekiti wa bodi tangu mwanzo ni Mzee Manasseh Angwenyi, na bodi yake iliona ni dhambi gari zuri kusimama bure likingoja watu waugue. Lilibeba mabati ya wajumbe. Lilibeba magunia yao ya pareto, na kwaya, na jamaa waliotoka Nairobi wakitaka kuona mashamba. Mgonjwa mmoja wa Magwagwa, siku aliporuhusiwa kwenda nyumbani, alituuliza kwa heshima kama yule mbuzi aliyelala naye garini alipona. Na Onsongo aliyabeba yote hayo bila kunung'unika, kwa sababu wajumbe walimwita Bwana Onsongo, naye alipenda kuitwa hivyo.

Kisha ikaja Jumapili moja ya mwaka 1969, wakati wa mvua. Mzee Angwenyi alikuwa anamwoza binti yake Mokeira kwa mwalimu mmoja aitwaye Ratemo. Gari la kumpeleka bibi arusi kanisani lilikuwa, bila shaka, ambulensi. Ilipambwa maua mpaka kwenye taa, na maandishi ya ubavuni yakafunikwa kwa utepe mweupe. Mzee aliketi mbele na suti yake mpya. Mokeira aliketi nyuma peke yake, juu ya kitanda cha wagonjwa, gauni limejaa gari zima. Onsongo alivaa glavu na kupiga kengele. Hatutaficha kwamba alikuwa anafurahia.

Kabla ya kufika Ogembo walimkuta mwanamume katikati ya barabara, amelaza baiskeli mbele yao ili wasipite. Jina lake Makori. Alikuwa ametoka Nyacheki, akikanyaga matope kuja kuita ambulensi, akakutana nayo inakuja na maua.

"Ni mke wangu, Bathsheba," alisema, pumzi zikimkatika. "Amejifungua asubuhi, kondo la nyuma limekataa kutoka. Damu inakwenda tu."

Onsongo akavua glavu.

"Tufike kanisani kwanza," alisema Mzee Angwenyi. "Pasta anangoja. Utatushusha, halafu utarudi umchukue."

"Hatafika hiyo halafu, tata," alisema Onsongo. Huku kwetu tata ni baba, na mzee huitwa hivyo hata anapokataliwa.

"Gari hili ni la bodi. Na mimi ndiye mwenyekiti."

"Najua, tata. Ningekuomba ushuke, lakini nitahitaji mtu wa kushika machela."

Mzee aligeuka nyuma ili binti yake amsaidie kumkemea dereva. Mokeira alikuwa amekwisha kukunja gauni na kumwachia Makori nafasi.

"Pandisha baiskeli," alimwambia Makori. "Twende."

Wanaoijua Nyacheki wanajua kwamba barabara huishia juu, na nyumba ziko chini. Walimkuta Bathsheba juu ya ngozi, mama mkwe wake akiwa amemfungia kila kitambaa kilichokuwa nyumbani. Machela ilipandishwa mlima katikati ya migomba, Makori na Onsongo nyuma, Mzee Angwenyi mbele. Mtu ambaye hapo awali hakuvuka chumba cha mikutano cha hospitali yake sasa alikuwa anapanda utelezi huku damu ya mwanakijiji ikimchuruzikia kwenye suruali. Kiatu chake kimoja kilibaki shambani. Tunaambiwa mpaka leo hakijaota.

Mtoto naye hakuweza kuachwa, kwa hiyo alikabidhiwa mwenyekiti, naye akamfunga ndani ya koti la suti. Mokeira alipiga magoti kando ya Bathsheba. Onsongo alimwelekeza kutoka kwenye usukani, bila kugeuka, jinsi alivyokuwa amefundishwa na wakunga.

"Kanda tumbo chini ya kitovu. Kwa nguvu. Usimwonee huruma."

"Mpaka lini?"

"Mpaka tufike."

Walipita Ogembo kwa kasi ambayo watu wa soko hawajaisahau. Kengele ililia, na watu waliosimama kuombea siku hiyo hawakudanganywa.

"Amenyamaza," alisema Mokeira.

"Mwite jina. Usiache kukanda."

"Bathsheba," aliita. "Bathsheba. Mtoto wako analia, msikilize." Aliita hivyo njia yote mpaka sauti ikakauka, na Makori alikuwa amemshika mkewe miguu, akilia bila kujificha.

Tuliwapokea mlangoni. Daktari alitoa kondo kwa mkono, na Makori akatoa damu yake. Jioni midomo ya Bathsheba ilikuwa imeanza kupata rangi, akaomba uji. Lakini kabla ya hapo, wakati hakuna aliyejua kama atapona, Mokeira alikuwa amesimama kwenye varanda, mikono myekundu mpaka viwikoni.

"Hivi ndivyo mnavyofanya kila siku?" alimwuliza mkunga anayeandika haya.

"Siku ambazo gari lipo," alijibu mkunga.

Mokeira alimtazama baba yake, aliyekuwa kwenye benchi na kiatu kimoja, bado ameshika mtoto wa watu. Mzee alitazama pembeni.

Gauni halikuwa la kuvalika tena, kwa hiyo Mokeira alikwenda kuolewa akiwa amevaa sare ya mkunga aliyoazimwa, imembana mabegani. Pasta alisita, akauliza kama haingekuwa vyema kuahirisha mpaka bibi arusi apate vazi la heshima. Ratemo, ambaye alikuwa amengoja tangu asubuhi akishauriwa na shangazi zake atafute mwingine, alijibu kwamba hata angekuja na gunia angemwoa.

Sasa, msomaji atadhani bodi ilimpa Onsongo shukrani. Bodi ilimwita ajieleze. Shtaka lilikuwa kutumia gari la hospitali kwa shughuli ambayo haikuidhinishwa.

"Nani alikuruhusu kwenda Nyacheki?" aliulizwa na mjumbe mmoja.

"Mgonjwa," alijibu Onsongo.

Jibu hilo lilionekana la kiburi. Alivuliwa udereva, akapewa fyekeo akate nyasi za uwanja. Uamuzi uliwekwa mbele ya Mzee Angwenyi. Alitia sahihi tu. Onsongo alituambia baadaye kwamba fyekeo halikumuuma, kilichomuuma ni kwamba alikuwa amemtazama mzee machoni, akingoja aseme alichokiona kule migombani, na mzee akaomba kalamu.

Basi, kwa kuwa hapakuwa na dereva mwingine, wagonjwa wakaanza tena kuja juu ya milango. Tulilalamika, na bodi ikatuomba subira. Wiki ziliendelea kupita, wengine walichelewa kufika, na mmoja wao, mama wa watoto wadogo, alifika amekwisha kukata roho. Bodi ilituma rambirambi. Lakini pareto ya wajumbe ilipoanza kuota ukungu ghalani kwa kukosa wa kuibeba, kiliitishwa kikao cha dharura siku hiyo hiyo, na Onsongo akarudishwa kazini "kwa huruma."

Alitushangaza. Yule mtu wa glavu, aliyezoea kuitikia kila mjumbe, alisema atarudi kwa sharti moja: ufunguo utakaa mfukoni mwake, na anayetaka kusafirisha kitu kwa ambulensi augue kwanza. Wajumbe walicheka, wakakubali, wakidhani ni mzaha. Tangu siku hiyo kwaya inatembea kwa miguu, na kwa kweli inaimba vizuri zaidi.

Wako waliojaribu kuugua. Mjumbe mmoja, Bwana Momanyi, alituma habari kwamba tumbo linamkata, na Onsongo alipofika alimkuta ameketi getini kati ya magunia mawili. Alimpakia Momanyi, akaacha magunia. Hospitalini mkunga alimpa dawa ya kumfanya aharishe, kwa sababu tumbo ni tumbo. Hajaugua tena.

Kuhusu Mokeira, wengi mnamfahamu. Alimwambia baba yake anataka kusomea uuguzi. Mzee akakataa, akisema binti yake hawezi kupanda gari la damu. Mokeira alimkumbusha kwamba ni yeye aliyempandisha. Ratemo alimpeleka chuoni mwenyewe, na tangu mwaka 1973 Mokeira ndiye muuguzi wetu wa kwanza kusafiri na ambulensi. Ndiye pia aliyekomesha kengele ya mashuka. Siku hizi Mzee Angwenyi huwaeleza wafadhili jinsi alivyopata maono ya kumtoa binti yake kwa kazi hii. Hilo ni la kujenga, nasi tumeliandika.

Onsongo hakuwa malaika. Alikuwa na hasira za haraka, aliwaudhi wauguzi wote kwa zamu, na idadi ya kuku wa njia ya Nyacheki ni ndogo kuliko inavyostahili. Aliingia kazi hii kwa uongo wa mkono mmoja. Ila wako watu huko Bassi na Ogembo na Magwagwa wanaolima chai yao leo kwa sababu uongo huo ulikuja kuwa kweli, na hatuwezi kusema hivyo kuhusu kila uongo uliosemwa katika hospitali hii.

Sherehe itafanyika uwanjani saa nane mchana. Mwenyekiti atahutubia. Tumemwomba awe mfupi, kwa kuwa ambulensi itakuwa getini tayari kuitwa, na Mokeira ameahidi kwamba ikiitwa hatangoja mwisho wa sentensi.

Tunamshukuru mkewe, Mama Kwamboka, aliyepika miaka yote hii kwa mtu ambaye hakujulikana atakula saa ngapi. Na wewe, Onsongo, asante. Chai yako ya Magwagwa ikunawirie, wajukuu wakusumbue, na usingizi wako usikatizwe na mtu wa baiskeli. Utakapoondoka hapa siku hiyo, kwa mara ya kwanza, nenda polepole. Nyuma yako hakuna anayevuja damu.

Persis Bochaberi, Mkunga
Kwa niaba ya wafanyakazi wa Riamoturi