Marehemu Chiriku, Fundi wa Makochi Aliyeimba Bila Kuombwa

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki, ahsanteni kwa kuja. Kabla hatujafika kwenye tarehe, familia ina neno. Wakati wa kuandaa wasifu huu, baadhi ya wanakamati walitushauri kwa nia njema tuandike kwamba marehemu "alikuwa mpenzi wa muziki", kisha tupite haraka kwenye mambo ya kazi na watoto. Tuliwashukuru, tukakataa. Marehemu alikuwa mwimbaji. Sauti hakuwa nayo, hilo kila aliyesimama hapa analijua, na wengi wenu mmelijua kwa masikio yenu wenyewe. Lakini alikuwa mwimbaji, na jina lake lilifika mahali ambapo majina ya wenye sauti wengi wa mtaa wetu hayajafika. Kwa hiyo tutasema yote, na anayeona aibu, aibu hiyo ni yake.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1951, mtoto wa pili na binti wa kwanza wa mpiga chapa na mkewe mshona nguo. Nyumba yao ya vyumba viwili ilikuwa nyuma ya kiwanda cha uchapaji alikofanya kazi baba, ukuta kwa ukuta, na mashine zilinguruma tangu asubuhi mpaka jioni. Aliyetaka kusikika katika nyumba ile ilimbidi apaze sauti. Mama yetu alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu alipolia kwa mara ya kwanza, wafanyakazi wa zamu walisimamisha mashine wakidhani kuna mkanda umekatika.

Alianza shule ya msingi mwaka 1959 na kumaliza darasa la nane mwaka 1966. Hesabu alikuwa mkali, na mwandiko wake ulikuwa wa kutamanika. Alipokuwa darasa la tano shule ilijiandaa kumwimbia mkaguzi. Mwalimu wa nyimbo, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimwita pembeni akamwomba asimame mstari wa nyuma, awe anafungua mdomo tu bila kutoa sauti. Marehemu aliuliza kama na wenzake watafanya hivyo. Akaambiwa hapana, ni yeye peke yake. Siku ilipofika alisimama mstari wa nyuma kama alivyoagizwa, akafungua mdomo, na vyote vilivyokuwa ndani vikatoka. Mkaguzi aliinua kichwa kutoka kwenye karatasi zake na hakukiinamisha tena mpaka wimbo ulipokwisha. Marehemu alipoulizwa kwa nini amekaidi, alisema yeye aliambiwa afungue mdomo na ameufungua. Sauti ndiyo haikuambiwa kitu. Kwa jibu hilo alifagia uwanja wa shule wiki nzima, na alifagia huku anaimba.

Nafasi za sekondari zilikuwa za kugombania, naye hakupata. Mwaka 1967 mjomba wetu, aliyekuwa fundi wa makochi, alimchukua kwenye karakana yake. Wapo waliosema kazi ile si ya msichana. Mjomba aliwaambia wenye hoja waje washike nyundo waonyeshane, na hakuja mtu. Marehemu alianza kwa kung'oa misumari ya makochi mabovu, akajifunza kukaza mikanda, kufunga springi, kukata sponji kwa kisu kirefu, na mwisho kupanga kitambaa cha maua hivi kwamba ua lililoanza kwenye kikalio liishie kwenye mgongo bila kuvunjika shina. Katika hilo la maua hakuwa na mpinzani. Mjomba alipozeeka, mwaka 1979, alimkabidhi karakana yote.

Na alikuwa akiimba kutwa nzima. Mteja mgeni aliyesimama mlangoni mara nyingi aliuliza kwanza ni nani aliyeumia. Mjomba hakumkataza hata siku moja. Alikata vipande viwili vidogo vya sponji, akavitia masikioni, akaendelea na kazi yake. Walikaa hivyo miaka kumi na miwili kwa kupendana sana.

Mwaka 1975 marehemu alijiunga na kwaya ya kanisa. Mwalimu wa kwaya alivumilia kwa wiki kadhaa, kisha siku moja, katikati ya mazoezi na mbele ya watu wote, akasema kwamba chiriku wetu leo akapumzike nyumbani, maana wanakwaya wanashindwa kusikia wanachokiimba. Watu walicheka. Marehemu alichukua kitabu chake cha nyimbo, akawaaga mmoja mmoja kwa adabu, akatoka. Mpiga kinanda, kijana mwembamba ambaye kwa kazi yake alikuwa fundi saa, alifunika kinanda naye akatoka. Alimkuta getini. Alimweleza kwamba tatizo ni moja: wimbo unaposhuka, yeye anapanda. Marehemu alisema analijua hilo. Kijana akauliza, sasa kama unajua, kwa nini? Akajibiwa kwamba huko juu ndiko anakopenda.

Walifunga ndoa tarehe 12 Juni 1976. Shemeji yetu huyu alikuwa na sikio la ajabu. Akiwa chumba cha pili alikuwa anatambua saa ya ukutani inayochelewa. Kwa hiyo asije mtu akasema alimwoa kwa sababu hakusikia. Alisikia vizuri kuliko sisi sote. Jioni baada ya chakula alikuwa akikaa kwenye kinanda kidogo cha sebuleni, na marehemu anasimama nyuma yake, na vidole vyake vinamkimbilia mke popote alikokwenda. Wageni wakimtazama kwa huruma alikuwa akiwaambia, "Anayeimba ni yeye. Mimi kazi yangu kumfuata." Wiki ile ile ya harusi marehemu, kwa ruhusa ya mjomba, alimwita mchoraji wa vibao akaandikiwa CHIRIKU kwa rangi nyekundu juu ya mlango wa karakana. Mwalimu wa kwaya alipita pale kila alipokwenda sokoni, na jina alilolitoa kwa kejeli alilisoma kwenda na kurudi. Ndilo mnalolisoma leo kwenye ukurasa wa mbele wa wasifu huu.

Sasa tuje kwenye umaarufu. Mwanzoni mwa mwaka 1995 marehemu alitunga wimbo alioupa jina "Nifungulie Dirisha". Maneno yake ni machache: mlango nimeukuta umefungwa, hodi sipigi tena, nifungulie dirisha. Aliurekodi na mumewe katika studio ndogo iliyokuwa nyuma ya saluni. Fundi mitambo alimpigia rafiki yake mtangazaji wa redio wimbo huo ili wacheke wawili, na mtangazaji akaona ni uchoyo kucheka wawili. Aliupiga asubuhi, akisema ni wa kuwaamsha waliolala. Kabla haujafika mwisho simu za redio zilianza kulia. Watu walitaka urudiwe. Kufikia katikati ya mwaka, makondakta, wauza magazeti na watoto wa shule walikuwa wanauimba, na wote walijitahidi kuukosea pale pale alipoukosea yeye.

Mtangazaji alimwita studio. Alikuwa amejiandaa kumchezea kama paka na panya, na swali lake la kwanza lilikuwa, "Mama, nani alikuambia kwamba unaweza kuimba?"

"Hakuna aliyeniambia," alijibu marehemu. "Ningengoja kuambiwa, ningekuwa nangoja mpaka leo."

Mahojiano yalichukua saa nzima baada ya hapo, na mtangazaji hakurudia mzaha.

Ndipo ikaja habari ya ukumbi. Mfanyabiashara mmoja alitaka kumpeleka marehemu kwenye ukumbi mkubwa wa mji, jukwaa lenye mapazia na taa, tarehe 26 Agosti. Tiketi zilimalizika mapema, na kila mtu alijua kwa nini. Binti yake alikuwa na umri wa miaka kumi na saba, na shuleni wenzake walikuwa wakimwimbia ule wimbo kila akiingia darasani. Alivumilia wee, mwisho alikuja karakana na sare zake za shule na kumkuta mama yake anakata kitambaa.

"Mama, hawaji kukusikiliza," alimwambia. "Wanakuja kukucheka."

Marehemu aliweka mkasi chini. "Najua wanachokuja kufanya. Masikio ninayo, mwanangu, najisikia kila siku. Lakini napenda kuimba. Wenye sauti nzuri na wao waimbe. Nani kawafunga mdomo?"

Binti alilia. Mama yake alimkalisha kwenye kochi ambalo lilikuwa bado halijavishwa, springi nje, akakaa naye mpaka alipotulia. Alimwambia kwamba si lazima aje ukumbini, na wenzake wakimuuliza, ana ruhusa ya kusema hamjui huyo mama. Lakini kumwomba anyamaze, hilo asimwombe, kwa sababu hilo hataliweza.

Siku ilipofika marehemu alitoka jukwaani na gauni la kijani alilojishonea kwa kitambaa cha makochi, maua yamekutana kila mshono. Mumewe alikuwa kwenye kinanda. Ukumbi ulianza kucheka kabla hajafungua mdomo, na alipoufungua, watu walishika mbavu. Kuna waliotoka kwenye viti vyao wakakaa sakafuni. Aliimba wimbo wa kwanza, akaimba wa pili. Kwenye wa tatu mtu alirusha kiatu, kikatua karibu na miguu yake. Shemeji yetu aliacha kupiga, akainuka nusu. Marehemu alimketisha kwa kumgusa bega. Kisha akainama, akakiokota kiatu, akakiweka vizuri juu ya kinanda, akauanza wimbo upya kutoka mwanzo. Alipomaliza aliwaambia kwamba mwenye kiatu asione haya, apite mwisho akichukue, maana kutembea na kimoja ni taabu. Mwenye kiatu hakuja, lakini tangu hapo hakikurushwa kingine.

Hatutawadanganya kwamba ukumbi ulibadilika. Waliocheka walicheka mpaka mwisho, na waliopiga makofi wamesimama, hatujui walipigia nini. Tunachojua ni kwamba aliimba nyimbo zote alizoahidi, na hakuna aliyetoka kabla ya ule wa mwisho. Binti yake alikuwa amekuja. Alikuwa amesimama nyuma kabisa, karibu na mlango. Baadaye alipita katikati ya umati, akamchukua mama yake mkoba, wakatoka pamoja kwa mlango wa mbele, watu wanawatazama.

"Wamekucheka, mama," binti alisema walipofika barabarani.

"Nimewasikia," marehemu alisema. "Na wao wamenisikia."

Jumatatu alifungua karakana saa ile ile ya siku zote. Mwandishi mmoja wa gazeti aliandika kwamba sauti yake ni ya bawaba isiyotiwa mafuta. Mwaka uliofuata mwandishi huyo alileta kochi lake limechanika, bila kujua karakana ni ya nani mpaka alipoinua macho akasoma mlangoni. Marehemu alimpa kiti, akamwomba asubiri kazi iishe, akamwimbia tangu msumari wa kwanza mpaka wa mwisho. Kochi lilitoka zuri sana. Nyimbo zilitoka kama kawaida. Mwandishi alirudi mara nyingine akiwa na viti vya chakula, na tunamwona hapa leo. Karibu, kaka.

Aliendelea kualikwa kwenye harusi, mahafali na michezo ya mashule kwa zaidi ya miaka ishirini. Wengi walimwalika kwa utani, na alikwenda. Hakuwahi kudai kwamba anajua kuimba, na hakuwahi kuomba ruhusa.

Mwaka 2017 miguu yake ilianza kuvimba, na pumzi ikawa inamkatikia ngazini. Madaktari waligundua kwamba moyo umechoka. Walimpa dawa, wakampunguzia chumvi na kazi nzito, na daktari mmoja kijana akamshauri apunguze na kuimba. Dawa alikunywa, chumvi aliacha. Septemba 2019 alilazwa, na safari hii hewa ilikuwa inatoka kwenye mtungi. Kuimba kukamshinda. Huo ndio ugonjwa wenyewe tulivyouona sisi. Mengine yalikuwa majina ya kidaktari.

Asubuhi ya tarehe 19 Oktoba 2019 alikuwa na mumewe na binti yake, ambaye sasa ni muuguzi. Marehemu alikuwa amefumba macho, hasemi. Mumewe alimshika mkono akaanza kumwimbia wimbo wake taratibu, na yeye, mwenye sikio lile, aliuimba hivyo hivyo alivyouimba mkewe, akipanda pale wimbo unaposhuka. Alipofika katikati marehemu alifumbua macho. "Umekosea," alimwambia. "Hapo ni juu zaidi." Mzee alirudia, akapanda zaidi, mpaka muuguzi wa zamu akachungulia mlangoni. Marehemu alitikisa kichwa kukubali. Alifariki kabla ya saa nne, akiwa na umri wa miaka sitini na minane.

Marehemu ameacha mgane, fundi saa, waliyeishi naye miaka arobaini na mitatu. Binti mmoja, muuguzi. Wana wawili, mmoja mwalimu na mwingine fundi wa makochi anayeendesha karakana ile ile. Wakwe, wajukuu, kaka yake mkubwa, na mdogo wake wa kike anayewasomea haya. Baada ya udongo, wimbo wake utapigwa hapa hapa, wote, kwa sauti ya juu. Tuliombwa tusifanye hivyo, na tunafanya. Atakayeshindwa kujizuia asicheke, na acheke. Mwenyewe hakuwahi kumkasirikia mtu kwa hilo.

Lala salama, dada. Mungu akupe amani yake. Sisi kwa niaba yako hatumwombi mtu radhi.