Zdravka na Mlango Usio na Kitasa

Tunayemzika leo, Zdravka Ganeva, alizaliwa tarehe 14 Februari 1951 mjini Tryavna, Bulgaria, binti wa pili wa Minko mchonga mbao na mkewe Radka. Mama yake alizoea kusema alitanguliza miguu, kwa haraka ya kutoka.

Alisoma Tryavna hadi darasa la nne. Mwalimu wa michezo alimwona akiruka ukuta wa shule, akapelekwa Sofia kwenye jimnastiki ya mpira, kitanzi na utepe. Huko ndiko alikokulia. Kwenye kambi ya mazoezi bweni lilifungwa kwa nje, wasichana wasifike jikoni. Kabla ya kupimwa uzito, hata maji yalinywewa kwa ruhusa tu. Alipata nishani ya shaba kwa utepe. Alisafiri nje mara nyingi, pasipoti ikishikwa na kiongozi wa msafara. Akiulizwa Paris ikoje, alijibu, "Zulia la ukumbini lilikuwa la kijani."

Machi 1971 ufunguo wa bweni ulikatikia kitasani, wasichana wamo ndani. Akaitwa Gancho, fundi vitasa. Alipopiga magoti, sauti ya Zdravka ikamjia kupitia tundu la ufunguo.

"Fundi, una chakula?"

"Mkate na jibini."

"Pitisha chini ya mlango. Kitasa kitasubiri."

"Haupiti, dada. Mnene."

"Ukanyage!"

"Kwa kiatu hiki?"

"Kiatu hatukili, fundi. Kanyaga!"

Akaukanyaga. Ukapita.

Walifunga ndoa Gabrovo tarehe 6 Oktoba 1973, mgongo wa Zdravka ulipokwisha kugoma, naye ameacha mashindano. Alitoa sharti moja: nyumba isiwe na kitasa. Mlango wao ukafungwa kwa utepe wake wa zamani, upepo usiusukume. Majirani walicheka: "Fundi vitasa mlango anafunga kwa utepe! Nani atampa kazi?" Wengine kweli hawakumpa. Hakuweka kitasa.

Zdravka alifundisha watoto wa Gabrovo jimnastiki hadi 2006, na ndoo ya maji ya kunywa ilikaa katikati ya ukumbi. Mama mmoja alilalamika, "Mwalimu, mwanangu ananenepa!" Akamwambia, "Anakua, bibie. Mwache akue."

Maumivu ya mgongo yalimrudia. Tangu 2019 hakuweza kushuka ngazi, nao walikaa ghorofa ya sita, lifti mbovu. Alishinda kitini.

"Gancho, mlango uko wazi?"

"Uko wazi."

"Basi mbona sitoki?"

Gancho aliinuka. Alimfungulia dirisha.

Alifariki Jumanne, tarehe 14 Machi 2023, asubuhi.

Leo vijana wa jengo wamemshusha. Kwenye kona za ngazi jeneza halikupita, wakaliinua juu ya vichwa vyao. Jirani Stefka, aliyeucheka mlango ule kuliko wote, ndiye aliyefungua utepe akamwekea Zdravka mkononi.

Ameacha mume, Gancho, binti, Bilyana, mjukuu, Kalina, na dada yake, Penka. Ngano ya kuchemsha, ya kumkumbuka marehemu, iko nyumbani, ghorofa ya sita. Pandeni, msibishe hodi.

Umetoka, Zdravka. Pumzika.